Baada ya Makabidhiano: Fedha za Makampuni na Somo la Sayansi Shuleni

Kampuni inapotangaza kwamba imeamua kuunga mkono ufundishaji wa sayansi na teknolojia shuleni, kwa kawaida taarifa yake huanza na vifaa: kompyuta kadhaa, darubini kadhaa, jengo la maabara, seti za roboti. Idadi hutajwa, thamani hutajwa, na picha za makabidhiano husambazwa siku hiyo hiyo. Jambo ambalo halitajwi, au hutajwa kwa sentensi moja ya mwisho, ni nani atakayeviandaa vifaa hivyo kabla ya kipindi cha Jumatatu inayofuata, muda wa kuviandaa atautoa wapi, na nani atavitengeneza vitakapoharibika katika mwaka wa pili. Kwa maoni yangu hapo ndipo misaada mingi ya aina hii inapopotelea. Vifaa vinahitajika, na sina ugomvi na anayevitoa. Lakini somo la sayansi hutegemea kazi ya watu inayorudiwa wiki baada ya wiki, na kazi hiyo ndiyo ambayo fedha za makampuni huikwepa.

Tulitazame kwa karibu jaribio moja ambalo wanafunzi wengi wa kemia wa sekondari hulifanya, yaani taitresheni ya asidi na alkali. Mwanafunzi hupima sentimita za ujazo 25 za alkali kwa pipeti, huzitia katika chupa ya koni pamoja na matone machache ya kiashiria (kemikali inayobadili rangi), kisha hufungulia asidi kutoka kwenye bureti, yaani mrija mrefu wa kioo wenye vipimo na koki, kidogo kidogo, mpaka rangi ibadilike. Hufanya hivyo mara moja kwa kukadiria na mara tatu kwa usahihi. Darasa la wanafunzi 40, kila mmoja akifanya kwa mkono wake, litatumia lita 4 za alkali. Ikiwa alkali hiyo ni haidroksidi ya sodiamu yenye ukolezi wa moli 0.1 kwa lita, kemikali kavu inayohitajika kutengeneza lita hizo 4 ni gramu 16 tu. Hata tukiongeza ya kusuuzia vyombo na ile itakayomwagika, ni vigumu kuvuka gramu 25 kwa darasa zima.

Gharama ya somo hilo, basi, haimo katika kemikali. Haidroksidi ya sodiamu hunyonya unyevu na hewa ya ukaa, na kwa sababu hiyo uzito uliopimwa kwenye mizani hautoshi kuonyesha ukolezi halisi wa mchanganyiko. Anayeuandaa hana budi kuupima kwanza kwa kitu ambacho usafi wake unajulikana, ndipo awape wanafunzi. Asidi kali iliyomo katika chupa ya dukani inapaswa kuzimuliwa kwa uangalifu, mahali penye hewa ya kutosha, na asidi ndiyo imiminwe kwenye maji, kamwe isiwe kinyume chake. Maji safi yaliyokenekwa yanahitajika kwa lita nyingi. Baada ya kipindi, bureti zisiposuuzwa mara moja ncha zake huziba kwa mabaki, na alkali ikihifadhiwa katika chupa yenye kizibo cha kioo, kizibo hukamata na hakifunguki tena. Maandalizi hayo na usafi wake vinaweza kula nusu siku ya mtu mmoja kwa ajili ya kipindi kimoja, na mkondo wa pili ukija, kazi inaanza upya.

Shule yenye fundi sanifu wa maabara inamkabidhi yeye kazi hiyo. Shule isiyo naye inamwachia mwalimu, ambaye ana vipindi vingine asubuhi hiyo hiyo na rundo la madaftari ya kusahihisha. Mwalimu huyo atafanya jambo ambalo binadamu yeyote angelifanya: atafanya jaribio mwenyewe mbele ya darasa, mara moja kwa muhula, na wanafunzi watanakili namba ubaoni. Maabara ipo, bureti zipo kabatini katika vifungashio vyake, na bango lenye nembo ya mfadhili liko mlangoni, lakini mwanafunzi hajawahi kusikia bureti ikidondosha tone kwa mkono wake mwenyewe. Nimeanza na mfano huu kwa sababu unaonyesha uwiano uliopinduka. Kitu ghali na kinachopatikana kwa shida ni saa za mtu mwenye ujuzi. Kitu rahisi ni unga mweupe ndani ya kopo. Misaada mingi hununua kopo na kuacha saa.

Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya, katika maeneo ya Busia na Teso kuanzia miaka ya 1990, ungepaswa kujulikana na kila afisa wa kampuni anayeshughulikia miradi ya jamii. Paul Glewwe, Michael Kremer na wenzao walifuatilia shule 100 za msingi, na shule 25 kati ya hizo zilichaguliwa kwa bahati nasibu zipewe kwanza vitabu vya kiada, vikiwemo vya hisabati na sayansi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wanafunzi ambao tayari walikuwa juu. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo kwa watoto wengi wa pale ilikuwa ya tatu baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili, na vilimlenga mtoto aliye mbele ya wenzake. Zawadi ilikuwa halisi, nia ilikuwa njema, na watoto wengi hawakuweza kuisoma.

Watafiti hao walichunguza pia chati za kufundishia, kubwa na zenye michoro, za masomo kama sayansi, hisabati na jiografia. Zilishirikishwa shule 178, na nusu yake zilipewa chati. Jambo linalopaswa kututia wasiwasi ni hili: walipolinganisha tu shule ambazo tayari zilikuwa na chati na zile zisizokuwa nazo, ilionekana kana kwamba chati zinainua alama kwa kiasi cha kuridhisha, lakini walipozitoa kwa bahati nasibu na kupima baadaye, ongezeko lile halikuonekana. Shule zilizokuwa na chati tangu mwanzo zilikuwa na mambo mengine mazuri yaliyozipa alama, na chati zikapewa sifa isiyokuwa yake. Kremer alikuwa mmoja wa watu 3 waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 kwa njia hii ya kupima, na bado ripoti za mwaka za makampuni yaliyo mengi hulinganisha shule kwa namna ile ile ambayo utafiti wa chati uliionyesha kuwa inapotosha. Shule iliyochaguliwa kupewa msaada mara nyingi ina mkuu wa shule hodari aliyeandika maombi, iko kando ya barabara nzuri, na ina wazazi wanaofuatilia. Alama zake zikipanda, nembo ya kampuni huwekwa chini ya grafu.

Peru ilitoa ushahidi wa aina hiyo kwa kompyuta. Mradi wa kompyuta ndogo kwa kila mtoto uliotangazwa mwaka 2005 na Nicholas Negroponte wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, ukiungwa mkono na makampuni kama Google, AMD na Red Hat, ulipata katika Peru mmoja wa wateja wake wakubwa kabisa. Tathmini iliyotolewa mwaka 2012 na Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika, ikihusisha shule 319 za vijijini, iligundua kwamba idadi ya kompyuta kwa kila mwanafunzi ilipanda kutoka 0.12 hadi 1.18, ongezeko ambalo wizara yoyote ya elimu ingelitamani, lakini alama za hisabati na lugha hazikubadilika. Yalionekana mafanikio fulani katika vipimo vya uwezo wa jumla wa kufikiri, na ni haki kuyataja. Hata hivyo shule chache tu zilikuwa na intaneti, na somo lenyewe darasani liliendelea kama zamani, kwa kuwa mwalimu aliachwa peke yake na mashine mkononi.

Kampuni moja iliyajua haya kwa kuyapitia yenyewe, na hadithi yake inanivutia kuliko nyingine zote katika jambo hili. Katika miaka ya 1990 Cisco, inayotengeneza mitambo ya mitandao ya kompyuta, ilikuwa ikizisaidia shule za Marekani kuwa na mitandao yao. Mitandao ilipokwisha kufungwa, ilionekana kwamba shule hazina mtu wa kuitunza wala fedha za kumlipa fundi kutoka nje. Mhandisi wa kampuni hiyo, George Ward, akaanza kuwafundisha walimu na wafanyakazi wa shule namna ya kuiendesha, na baadaye mafunzo yakafikishwa kwa wanafunzi wenyewe. Kutokana na mafunzo hayo ilizaliwa Networking Academy mwaka 1997, ambayo tangu hapo imeenea katika nchi nyingi duniani na kupitiwa na mamilioni ya wanafunzi. Tuseme wazi kwamba Cisco ilifaidika: vijana wengi waliingia kazini wakiijua mitambo yake kabla ya mitambo ya washindani. Faida hiyo hainisumbui maadamu iko wazi. Linalonivutia ni mpangilio wa mambo, kwamba kampuni ilipeleka vifaa, vikakosa mtunzaji, ikalitambua pengo lenyewe, na badala ya kuongeza vifaa ikawekeza katika watu.

Microsoft nayo ina mfano unaostahili kuangaliwa. Mwaka 2009 mhandisi wake Kevin Wang, ambaye aliwahi kuwa mwalimu, alianza kufundisha kompyuta katika shule ya sekondari ya eneo la Seattle asubuhi kabla ya kwenda kazini. Kazi hiyo ilikua ikawa mpango wa TEALS, ambao huwaunganisha wahandisi wa kujitolea na walimu walioko shuleni. Mhandisi hachukui nafasi ya mwalimu. Wanaingia darasani pamoja, na katika muda wa takriban miaka 2 mwalimu hujifunza somo kiasi cha kulibeba mwenyewe, kisha wahandisi huondoka. Kuondoka kwao kumepangwa tangu siku ya kwanza, na kipimo cha mafanikio ni mwalimu kubaki akiendelea bila wao. Ni vigumu kupiga picha ya mafanikio ya namna hiyo, kwa sababu kinachoonekana ni mwalimu yule yule, katika darasa lile lile, akifundisha.

Kwa nini basi makampuni mengi huendelea kununua vitu? Sababu ya picha huitaja kila mtu, nami sitakaa nayo. Nzito zaidi ni ya hesabu. Bajeti ya kampuni hufungwa mwaka unapokwisha. Kifaa hununuliwa, hukabidhiwa, na jambo huisha kwenye vitabu, ilhali mshahara wa fundi maabara ni ahadi ya miaka ambayo mkurugenzi wa leo hawezi kumfunga nayo mkurugenzi wa kesho. Iko pia sababu iliyoko upande wa serikali, ambayo wakosoaji wa makampuni huisahau. Mamlaka za elimu zenyewe huogopa ajira zinazoanzishwa kwa fedha za mfadhili, kwa kuwa mfadhili akiondoka mshahara hubaki mikononi mwao, pamoja na mtu aliyekwisha kuzoea kazi na jamii iliyokwisha kumzoea. Pande mbili hukutana mezani, kila mmoja akiogopa gharama inayojirudia, na wanakubaliana kwa urahisi juu ya kitu ambacho kinanunuliwa mara moja. Kila upande una hoja halali, na kwa sababu hiyo kosa lenyewe ni gumu kuliondoa.

Sheria inaweza kulizidisha au kulipunguza tatizo hili. India, kwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2013, iliyaagiza makampuni yenye ukubwa uliotajwa kutumia angalau asilimia 2 ya wastani wa faida yao ya miaka 3 iliyotangulia katika shughuli za manufaa ya jamii, na elimu imekuwa miongoni mwa sekta zinazopata sehemu kubwa. Kanuni zake zina jambo ambalo ningependa liigwe: shughuli zilizo sehemu ya biashara ya kawaida ya kampuni hazihesabiwi, na kwa hiyo kampuni haiwezi kuingiza utangazaji wa bidhaa yake kwenye hesabu ya asilimia 2. Mabadiliko yaliyoanza kutumika mwaka 2021 yaliruhusu pia fedha za mradi unaoendelea kuwekwa katika akaunti maalumu na kutumika katika muda wa miaka 3, hatua inayotambua kwamba elimu haikamiliki ndani ya mwaka wa fedha. Upungufu wake ni kwamba sheria inazitaka kampuni zitangulize maeneo zinakofanyia kazi, na matokeo yake majimbo yenye viwanda vingi hupata zaidi huku shule zilizo mbali na viwanda, ambazo uhitaji wake ni mkubwa, zikibaki nyuma.

Tanzania ilichagua njia nyingine katika sekta ya madini. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mmiliki wa haki ya madini kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, uliokubaliwa pamoja na halmashauri husika. Kukubaliana na halmashauri ni jambo jema, kwa kuwa shule haiachwi ipokee chochote kitakacholetwa. Lakini mpango wa mwaka mmoja mmoja, hata ukiandaliwa kwa uaminifu, humsukuma kila mhusika kuelekea kwenye jengo na dawati. Anayeandaa mpango wa miezi 12 hawezi kuweka ndani yake kumsomesha fundi sanifu na kumlipa hadi halmashauri iwe na nafasi yake kwenye ikama, yaani orodha rasmi ya nafasi za watumishi wa umma. Muda wa mpango huamua aina ya msaada kabla mtu yeyote hajakaa kuzungumza.

Sasa niligeukie jambo ambalo watetezi wa misaada ya makampuni hulipita haraka mno, na wapinzani wake hulifanya kuwa hoja yote: maslahi. Huko Oklahoma, Marekani, kuna bodi iliyoundwa mwaka 1993 na inayogharimiwa na michango ya wazalishaji wa mafuta na gesi pamoja na wamiliki wa mirabaha. Kwa miaka mingi bodi hiyo imetoa bure masomo ya sayansi yaliyokwisha kuandaliwa, masanduku ya vifaa vya majaribio, na mafunzo kwa walimu. Kwa kipimo nilichokitumia hadi hapa, bodi hiyo inafanya vizuri kuliko wafadhili wengi: inamjali mwalimu, inajaza tena vifaa vinavyokwisha, na haiondoki baada ya picha. Na hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa, kwa sababu mtoto anajifunza sayansi ya nishati kutoka kwa wale ambao kipato chao kinategemea jibu la swali. Kompyuta inayoozea kabatini haimpotoshi mtu yeyote; somo zuri, lililoandaliwa kwa ustadi na kufundishwa na mwalimu anayeaminiwa, linaweza.

Sikubaliani na wanaodai kwamba dawa yake ni kuyafungia makampuni mlango. Mstari unaweza kuwekwa mahali panapoeleweka: kampuni igharimie kazi ya kufundisha na isiandike kinachofundishwa. Mtaala, vitabu na mitihani vibaki kwa wenye dhamana ya umma. Kampuni inayotaka kutoa zana za somo izipitishe kwanza kwa wakaguzi wa mitaala kama mchapishaji mwingine yeyote, na iandike juu yake nani amelipa. Mfano mzuri upo Uingereza, ambako mwaka 2016 BBC ilishirikiana na makampuni kadhaa, yakiwemo ARM, Microsoft na Samsung, kuwagawia bure takriban watoto milioni 1 wa darasa la saba kompyuta ndogo ya kujifunzia programu iitwayo micro:bit. Baadaye kazi hiyo ilikabidhiwa taasisi huru isiyo ya faida, muundo wa kifaa ukawekwa wazi, na leo hakuna kampuni moja inayoweza kuufunga mlango huo. Nao haukukosa dosari ninayoizungumzia: vifaa vilichelewa kwa miezi, na walimu wengi walivipata wakiwa na muda mfupi wa kuvizoea kabla ya wanafunzi.

Data za watoto ni sehemu nyingine ya maslahi, tena isiyoonekana. Mwaka 2022 shirika la Human Rights Watch lilichapisha uchunguzi wa programu za kujifunzia zilizopendekezwa na serikali za nchi 49 wakati wa janga la korona, likakuta kwamba karibu 9 kati ya kila 10 zilikusanya au ziliweza kukusanya taarifa za watoto kwa namna inayohatarisha haki zao. Nyingi zilitolewa bure. Mkuu wa shule aliyepewa programu bila malipo ana haki ya kuuliza inaendeshwa kwa fedha gani, na jibu lisipokuwa kwenye mkataba, programu isifunguliwe. Na kwa kompyuta zenyewe kuna swali jingine ambalo wapokeaji wachache huliuliza: tarehe ambayo mtengenezaji ataacha kuleta masasisho ya usalama. Google, kwa mfano, ilikuwa ikiweka tarehe ya kukoma kwa masasisho ya Chromebook, kompyuta zinazotumia programu yake, hata kama mashine ni nzima, na ni mwaka 2023, baada ya malalamiko ya shule na watetezi wa walaji, ilipotangaza kurefusha muda huo kufikia miaka 10. Kompyuta zilizokwisha kutumika ofisini, ambazo makampuni hupenda kuzitoa shuleni, huwa zimekwisha kula sehemu kubwa ya muda wake.

Mashindano ya sayansi ni njia nyingine inayopendwa, nami nayasema kwa heshima kwa kuwa nayathamini. Shindano la wanafunzi wa sekondari lililoanza Marekani mwaka 1942 lilidhaminiwa na Westinghouse hadi mwaka 1998, likachukuliwa na Intel, kisha na Regeneron kuanzia mwaka 2016, na miongoni mwa waliofika fainali zake wako wanasayansi waliokuja kupata Nobel, kama Sheldon Glashow na Frank Wilczek. Siri yake ni kwamba tangu mwanzo limeendeshwa na taasisi huru ya sayansi, iliyoanzishwa mwaka 1921, na wadhamini wamekuja na kuondoka bila shindano kufa. Ni mpangilio wa kuigwa. Lakini shindano humwinua yule ambaye tayari ana mwalimu, maabara na mtu wa kumsikiliza akieleza wazo lake. Haliwezi kuwa msaada mkuu wa kampuni kwa elimu, kama vile vitabu vya Busia vilivyowafikia walio juu tu na kuwaacha wengine walipokuwa.

Ninachokipendekeza kinaweza kuandikwa kwenye mkataba wa kurasa chache. Kampuni inayotaka kusaidia sayansi shuleni itenge kwa ajili ya watu angalau kiasi kile kile inachotenga kwa vifaa, na ahadi yake isipungue miaka 5. Fundi sanifu mmoja anaweza kuhudumia shule 2 au 3 zilizo karibu, kwa ratiba inayojulikana, akiandaa majaribio na kutunza vifaa, huku mwalimu akirudishiwa saa zake za kufundisha. Katika mwaka wa kwanza kampuni ilipe mshahara wote. Kila mwaka unaofuata sehemu yake ipungue na ya mamlaka ya elimu iongezeke, mpaka mwaka wa 5 nafasi ile iwe imeingia kikamilifu katika ikama ya umma. Kwa njia hiyo hofu ya serikali ya kuachiwa mzigo ghafla inapata jibu, na hofu ya kampuni ya kufungwa milele inapata jibu pia. Mamlaka isiyo tayari kutia saini ratiba hiyo ya kupokezana isianze mradi, kwa kuwa itakuwa imekiri mapema kwamba kazi itakoma.

Mafunzo ya walimu yafuate mantiki hiyo. Semina ya siku 2 hotelini, ambayo huhitimishwa kwa vyeti, haibadilishi kipindi cha kemia. Kinachokibadilisha ni mwenzake mwalimu, au fundi mwenye uzoefu, kukaa naye katika maandalizi mara kwa mara mpaka mkono uzoee, kama wahandisi wa TEALS wanavyokaa darasani. Kampuni zina watu wa aina hiyo: wakemia wa viwanda vya maji na vinywaji, mafundi wa mitandao, wahandisi wa umeme, ambao kila siku hufanya kwa kipimo kikubwa yale ambayo shule hufanya kwa kipimo kidogo. Kuwaruhusu saa chache kwa wiki, kwa ratiba isiyovunjwa na dharura za ofisi, kunaweza kuwa mchango mkubwa kuliko jengo.

Kipimo nacho kibadilike. Ripoti ya mfadhili isiishie kwenye idadi ya kompyuta zilizokabidhiwa. Itolewe tena miaka 3 baada ya makabidhiano, na ieleze ni majaribio mangapi ambayo wanafunzi wameyafanya kwa mikono yao katika muhula, vifaa vingapi bado vinafanya kazi, na nani anayevitunza. Daftari la maabara, likiandikwa kila kipindi na kusainiwa na mwalimu, linatosha kuyajibu yote hayo, wala halihitaji mtaalamu wa kulisoma. Pale ambapo shule zinazohitaji ni nyingi kuliko fedha, zichaguliwe za kuanza nazo kwa bahati nasibu, ili baada ya miaka michache ijulikane kweli kama mradi umesaidia, kama ilivyofanyika Busia.

Masharti haya hayawezi kusimamiwa na mkuu wa shule akiwa peke yake. Mkuu wa shule anayeletewa kompyuta 20 na kampuni kubwa, mbele ya wazazi na viongozi, hana nguvu ya kusema hapana, wala si haki kumtaka aseme. Wizara za elimu na halmashauri ndizo zinazopaswa kutoa mwongozo unaoeleza kwamba msaada wa vifaa vya sayansi usiokuwa na mtunzaji aliyetajwa kwa cheo, bajeti ya matengenezo na tarehe ya kukoma kwa masasisho haupokelewi katika shule ya umma, ili mkuu wa shule aweze kuuonyesha mwongozo huo na mazungumzo yaanze upya kabla ya kitu chochote kupakiwa kwenye gari.